Mzio wa Dawa ya Kontrasti katika Kipimo cha CT: Ufafanuzi wa Lugha na Utaratibu wa Kitabibu kwa Wagonjwa wa Handeni na Korogwe

1.0 Utangulizi

Mgonjwa wa Handeni au Korogwe anayehitaji kipimo cha CT chenye dawa ya kontrasti hupita katika mikono mingi kabla ya kulala juu ya meza ya mashine. Huanza katika zahanati au kituo cha afya, akafika katika Hospitali ya Wilaya ya Handeni au Hospitali ya Magunga mjini Korogwe, kisha akapewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, jijini Tanga. Akihitaji huduma za juu zaidi hupelekwa KCMC, Moshi, au Muhimbili, Dar es Salaam. Barabara ya lami kutoka Handeni mjini hadi Korogwe ina kilomita zipatazo 65, na kutoka Korogwe hadi Tanga ni kiasi cha kilomita 100. Ununuzi wa mashine za CT kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, uliofanywa kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi na Mapambano dhidi ya UVIKO-19 uliozinduliwa Oktoba 2021, uliisogeza huduma hii karibu zaidi na wananchi. Pamoja na hayo, safari bado ni ya nusu siku, na taarifa za mgonjwa husafiri nayo.

Makala haya yanafafanua namna ya kumhudumia mgonjwa mwenye mzio wa dawa ya kontrasti, au anayedhaniwa kuwa nao, katika mnyororo huo wa rufaa. Msimamo unaotetewa ni kwamba sehemu kubwa ya usalama wa mgonjwa huyu huamuliwa na lugha kabla ya kuamuliwa na dawa. Mazungumzo kati ya mgonjwa na mtabibu hufanyika kwa Kiswahili, wakati mwingine kwa msaada wa Kizigua, Kisambaa au Kimaasai, ilhali kumbukumbu za kitabibu huandikwa kwa Kiingereza. Kila taarifa ya mzio hutafsiriwa angalau mara moja kabla haijafika chumba cha kipimo. Kinachopotea katika tafsiri hiyo hakiwezi kuokotwa na mtaalamu wa mionzi aliyeko Tanga, kwa kuwa yeye husoma karatasi tu, na karatasi imekwisha kusema kwamba mgonjwa hana tatizo.

2.0 Dawa ya kontrasti na kinachotokea mwilini

Dawa ya kontrasti itumikayo katika CT ni kimiminika chenye iodini, kinachoingizwa katika mshipa ili mishipa ya damu, figo, ini na uvimbe vionekane kwa kutofautiana na tishu zinazovizunguka. Iodini huzuia sehemu ya mionzi, hivyo mahali ilipofika huonekana peupe zaidi katika picha. Baadhi ya watumishi huiita “rangi”, na wengine huiita “dawa” tu. Majina yote mawili yana kasoro. “Rangi” humfanya mgonjwa adhani kwamba mwili wake utatiwa rangi, na “dawa” humfanya adhani kwamba ametibiwa. Mgonjwa aliyeamini kwamba sindano ile ilikuwa tiba hawezi kuitaja anapoulizwa juu ya matatizo aliyoyapata wakati wa vipimo. Katika makala haya istilahi itumikayo ni “dawa ya kontrasti”, kwa sababu ndiyo inayosikika hospitalini, ingawa mgonjwa anapaswa kuelezwa kwa maneno marefu zaidi: sindano ya mshipani inayopigwa ili picha ionekane vizuri.

Mmenyuko unaofanana na mzio hutokea pale seli fulani za kinga zinapomwaga histamini na kemikali nyingine kwa ghafla. Kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili huhusika, lakini kwa wengi seli hizo huchochewa moja kwa moja na dawa yenyewe. Tofauti hii ina matokeo ya kivitendo. Mtu anaweza kupata mmenyuko mkali katika sindano yake ya kwanza kabisa, bila mwili wake kuwa umewahi kukutana na dawa hiyo. Kwa hiyo jibu la “sijawahi kupigwa sindano hiyo” lisichukuliwe kuwa hati ya usalama. Vilevile, kupiga kiasi kidogo cha majaribio ili kuona kama mgonjwa ataathirika hakushauriwi, kwani tone dogo huweza kuleta mmenyuko mkubwa, na tone lisiloleta kitu halitabiri chochote.

Kuhusu ukubwa wa hatari, utafiti wa Katayama na wenzake (1990) nchini Japani, uliohusisha sindano zaidi ya 330,000, ungali rejeo la msingi. Dawa za zamani za aioni zilileta mmenyuko kwa asilimia 12.66, na dawa mpya zisizo za aioni kwa asilimia 3.13. Mimenyuko mikali ilikuwa asilimia 0.22 kwa kundi la kwanza na 0.04 kwa kundi la pili. Kwa maneno mengine, katika kila sindano 10,000, mimenyuko mikali ilishuka kutoka 22 hadi 4. Takwimu hizi zisomwe kwa pande zote mbili. Mtu mzima wa Korogwe aliyepata shida miaka mingi iliyopita wakati wa picha ya figo huenda alipigwa dawa ya kundi la zamani, na hatari yake ya leo si ile ya wakati ule. Hata hivyo, historia ya mmenyuko wa dawa ya kundi hili bado ni kiashiria chenye nguvu kuliko vingine vyote, kikifuatwa kwa mbali na pumu na mizio mingine.

3.0 Neno “mzio” na swali lisilojibika

Swali la kawaida katika fomu ni fupi: “Una aleji yoyote?” au, kwa Kiswahili sanifu, “Una mzio?” Maswali haya yote mawili yana matatizo, na matatizo yenyewe hayafanani.

Neno “mzio” halikubuniwa na wanaistilahi wa tiba. Lina mizizi ya zamani katika Kiswahili, likimaanisha kitu ambacho mtu amekatazwa kukila au kukifanya kwa sababu kinamdhuru. Maana hiyo imekaa jirani na mwiko. Mwanaukoo asiyekula mnyama fulani ana mzio. Mgonjwa aliyepewa dawa na mganga na kuambiwa asile samaki wa aina fulani mpaka apone ana mzio pia. Uteuzi wa neno hili kubeba dhana ya kitabibu ulikuwa sahihi kiisimu, maana ulitumia hazina ya ndani badala ya kukopa. Lakini maana ya zamani haikuondoka kwa kuwa maana mpya imeingia. Mzee anayeulizwa “una mzio?” anaweza kujibu kwa kutaja chakula alichokatazwa, na muuguzi akaandika mzio wa chakula ambao kitabibu haupo. Anaweza pia kujibu “sina” kwa sababu hana mwiko wowote, ingawa mwaka juzi alivimba uso baada ya sindano.

Neno “aleji” nalo limeenea mno. Katika matumizi ya kila siku hutumika kwa mafua ya vumbi, vipele vya jasho, macho kuwasha na hata kutopenda kitu au mtu. Aliyepatwa na jambo kubwa hospitalini mara nyingi halitaji kwa jina hilo. Husema dawa ilimkataa, sindano ilimzidi nguvu, presha ilishuka, au alizimia kwa njaa kwa kuwa alikuwa hajala tangu asubuhi. Kauli ya “dawa ilinikataa” inastahili kutazamwa kwa makini. Kisarufi, dawa ndiyo mtendaji na mgonjwa ndiye mtendwa, na tukio linasimuliwa kama jambo lililokwisha kupita. “Kuwa na mzio” husimulia hali ya kudumu iliyomo ndani ya mtu. Msemaji aliyekataliwa na dawa siku moja haoni kwamba ana kitu cha kudumu cha kukitaja anapoulizwa ana nini. Swali la hali haliamshi kumbukumbu ya tukio.

Kutokana na hoja hiyo, swali linalofaa ni la tukio, lenye viungo vya mwili na mambo yanayoonekana. Tuchukue mfano wa kutunga, wa muuguzi na mgonjwa wa makamo aliyefuatana na binti yake:

“Shikamoo mama.”
“Marahaba, mwanangu.”
“Mama, umewahi kupigwa picha yoyote hospitalini ukachomwa sindano ya mshipani wakati wa kupigwa hiyo picha?”
“Niliwahi, ya figo. Zamani.”
“Baada ya sindano ilikuwaje? Ulivimba uso, uliwashwa mwili, ulibanwa kifua?”
“Hiyo dawa ilinikataa, mwanangu. Macho yalifumba kwa uvimbe, wakanichoma nyingine ndipo nikapata nafuu.”

Mama huyu huyu angeulizwa kama ana aleji angeweza kabisa kujibu hapana, na asingekuwa amedanganya. Sentensi yake ya mwisho imebeba mambo matatu ambayo daktari wa Bombo anayahitaji: palikuwa na uvimbe wa uso, ulitokea baada ya dawa ya kontrasti, na ulihitaji matibabu. Ni vyema yaandikwe yote matatu katika barua ya rufaa, pasipo kuyafupisha kuwa neno moja. Binti naye aulizwe, kwani msindikizaji ndiye aliyekaa macho wakati mgonjwa amezimia.

Suala hili huwa zito zaidi pale Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza. Mashamba ya mkonge ya Korogwe yalikusanya watu kutoka mikoa mingi, na katika kijiji cha Msomera, wilayani Handeni, kaya kutoka Ngorongoro zilianza kuhamia Juni 2022 zikiwa na Kimaasai chao. Mkalimani katika mazingira hayo aghalabu ni ndugu. Neno “mzio” akipewa yeye alitafsiri, atatafsiri maana anayoijua. Akipewa “kuvimba uso” na “kushindwa kupumua”, nafasi ya kupotoka ni ndogo.

4.0 Madini joto, kamba na hofu isiyo na msingi

Kosa la upande wa pili halizungumzwi sana, nalo ni kumwita mtu mwenye mzio ilhali hana. Madhara yake ni kwamba mgonjwa mwenye uvimbe tumboni hunyimwa picha yenye dawa, au huahirishiwa safari ambayo nauli yake ilichangwa na ukoo mzima.

Chanzo kimoja ni iodini yenyewe. Nchini Tanzania iodini hujulikana na wengi kwa jina la madini joto, kupitia kampeni za chumvi yenye madini hayo tangu miaka ya 1990. Mgonjwa akiambiwa kwamba dawa ina iodini, na kwamba watu wengine hupata mzio, anaweza kuogopa chumvi ya nyumbani. Ieleweke kwamba iodini haisababishi mzio wa namna hii. Mwili unaihitaji kwa ajili ya tezi ya shingo, na hakuna anayeishi bila hiyo. Kinachochochea seli ni molekuli nzima ya dawa ya kontrasti. Aliyewashwa ngozi baada ya kupakwa dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda hazuiliwi CT kwa sababu hiyo. Mtu anayevimba midomo akila kamba au kaa, jambo la kawaida kwa watu wenye jamaa zao Pangani na Tanga mjini, ana mzio wa protini za wanyama hao. Hatari yake haizidi ile ya mtu mwingine yeyote mwenye mzio wa chakula, na haitoshi kumnyima kipimo wala kumpa dawa za kinga.

Chanzo cha pili ni hisia za kawaida za sindano. Dawa ya kontrasti huleta joto linalopita mwilini kwa kasi, ladha ya chuma mdomoni, na hisia kama ya mkojo kutoka. Wengine hutapika. Hisia hizi hupita kwa muda mfupi, nazo ni athari za kifiziolojia, si mzio. Asiyeonywa mapema huogopa, na hofu yake huandikwa. Kadhalika mtu aliyezimia huku mapigo ya moyo yakiwa ya polepole huenda alipatwa na mshtuko wa neva. Katika mmenyuko mkali wa mzio mapigo kwa kawaida huenda mbio. Mtumishi aliyeandika idadi ya mapigo siku ile amemsaidia mgonjwa kwa miaka mingi ijayo. Aliyeandika “mzio wa kontrasti” tu amemfunga.

Inafaa kuongeza hapa kwamba si kila CT huhitaji dawa. Majeruhi wa bodaboda aliyeumia kichwa katika barabara ya Chalinze–Segera hupigwa picha ya kichwa bila kontrasti, na ndivyo ilivyo kwa kutafuta damu katika ubongo wa aliyepooza ghafla, au mawe ya figo. Kumbukumbu ya mzio isimcheleweshe mgonjwa wa namna hiyo hata dakika moja.

5.0 Saa kumi na tatu kabla ya kipimo

Pale mmenyuko wa awali unapothibitika, njia ni tatu: kutafuta kipimo mbadala kama ultrasaundi au CT isiyo na dawa, kubadili aina ya dawa ya kontrasti, au kumkinga mgonjwa kwa dawa kabla ya kipimo. Wataalamu hawakubaliani juu ya njia ya tatu. Jumuiya ya Ulaya ya Radiolojia ya Mfumo wa Mkojo na Uzazi (ESUR) imeacha kuipendekeza kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Chuo cha Radiolojia cha Marekani (ACR) kimeendelea kuitambua kwa wagonjwa wenye historia ya mmenyuko, huku mkazo wa miaka ya karibuni ukihamia katika kubadili dawa. Kwa maoni ya mwandishi, kubadili dawa ndiyo njia bora inapowezekana. Tatizo ni kwamba humtaka mtu ajue ile ya kwanza ilikuwa ayoheksoli, ayopamidoli au nyingineyo, na jina hilo mara chache huandikwa mahali ambapo mgonjwa anaweza kulibeba. Hospitali ikiwa na aina moja tu, kinga kwa dawa hubaki kuwa chaguo.

Utaratibu unaojulikana zaidi ni wa saa 13: prednisoloni miligramu 50 saa 13 kabla ya kipimo, miligramu 50 saa 7 kabla, na miligramu 50 saa 1 kabla, pamoja na difenhidramini miligramu 50 au dawa nyingine ya kuzuia histamini katika saa hiyo ya mwisho. Umuhimu wa muda ulionekana katika jaribio la Lasser na wenzake (1987). Waliotumia methiliprednisoloni mara mbili, saa 12 na saa 2 kabla, walipata kinga, ilhali waliotumia mara moja saa 2 kabla hawakupata nafuu kuliko wasiopewa kitu. Sindano ya steroidi inayopigwa mlangoni mwa chumba cha CT, mgonjwa akiwa tayari amevua viatu, humtuliza mtumishi kuliko inavyomkinga mgonjwa.

Hapa ndipo jiografia ya Handeni inapoingia. Mgonjwa mwenye miadi Bombo saa 4 asubuhi anapaswa kumeza dozi ya kwanza saa 3 usiku, akiwa bado nyumbani, ya pili saa 9 usiku, na ya tatu saa 3 asubuhi. Uamuzi hauwezi kusubiri Tanga. Lazima ufanyike Handeni au Magunga, siku ya kuandika rufaa, na vidonge vitolewe siku hiyo. Maelekezo nayo yana mitego miwili ya lugha. Wa kwanza ni saa. Dozi ya kwanza na ya tatu zote ni “saa 3” kwa Kiswahili, na katika karatasi ya Kiingereza zote huandikwa 9. Anayesoma “9” kwa saa za Kiswahili ataelewa saa 9, ambayo ndiyo saa ya dozi ya pili. Ratiba iandikwe kwa maneno kamili: saa tatu usiku, saa tisa usiku kabla ya jogoo kuwika, saa tatu asubuhi. Wa pili ni idadi. Kidonge cha prednisoloni kinachopatikana kwa wingi ni cha miligramu 5, hivyo dozi moja ni vidonge kumi. Mtu aliyezoea “moja mara tatu” atashuku kwamba mwandishi amekosea, na anaweza kupunguza kwa busara yake. Aelezwe kwa mdomo kwamba kumi ni kumi, na kwamba ni kwa usiku huo tu.

Mwenye kisukari aambiwe kwamba sukari itapanda kwa siku moja au mbili. Dawa ya kuzuia histamini, iwe difenhidramini au piritoni, huleta usingizi, na aliyeimeza asiendeshe pikipiki. Katika dharura ambapo saa 13 hazipo, ipo njia fupi ya haidrokotisoni miligramu 200 mshipani kila baada ya saa 4 hadi kipimo, lakini chini ya saa 4 hadi 5 kinga haitarajiwi. Ikumbukwe pia kwamba utaratibu wowote kati ya hizi hauzuii mimenyuko yote.

6.0 Chumba cha kipimo na safari ya kurudi

Mmenyuko mkali ukitokea, dawa ya kwanza ni adrenalini. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5, yaani nusu ya ampuli ya miligramu 1 katika mililita 1, ikichomwa katika msuli wa paja upande wa nje, na kurudiwa baada ya dakika 5 kama hali haijabadilika. Mtoto hupewa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito. Mgonjwa alazwe chali miguu ikiinuliwa, apewe oksijeni na maji ya mshipani. Anayehema kwa shida aruhusiwe kuketi. Haidrokotisoni na dawa za kuzuia histamini hufuata baadaye. Kuzitanguliza huku ampuli ya adrenalini ingali kabatini ni kosa linalogharimu uhai, na ampuli hiyo inapaswa kuwa mezani kabla sindano ya kontrasti haijapigwa.

Sindano ikipita salama, mgonjwa hukaa chini ya uangalizi kwa dakika 30 na sindano ya mshipa ikiwa bado imewekwa. Kwa msafiri wa Handeni anayehofia kuachwa na basi, dakika hizo ni ndefu, na ndiyo maana zinapaswa kutajwa tangu siku ya rufaa ili apange usafiri wake. Ipo pia mimenyuko ya kuchelewa, hasa vipele na kuwashwa, inayotokea kati ya saa moja na wiki moja baada ya kipimo. Wakati huo mgonjwa yuko kwao, na atakwenda zahanati ya kijiji ambako hakuna anayejua kwamba alipigwa kontrasti. Huenda akaambiwa ni aleji ya chakula au ya dawa aliyopewa jana yake.

Kadi ndogo ya Kiswahili inaweza kuliziba pengo hilo bila gharama kubwa. Iwe na tarehe, hospitali, jina la dawa ya kontrasti na kiasi chake, kilichotokea kwa maneno ya kawaida (“uso ulivimba baada ya dakika tano”), mapigo ya moyo na presha ya wakati ule, na matibabu aliyopewa. Kama hakuna kilichotokea, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa sindano iliyopita salama ni taarifa. Kadi ibandikwe ndani ya jalada la daftari la matibabu ambalo mgonjwa hulihifadhi nyumbani, na nakala irudi kwa mganga aliyeandika rufaa.